Matroni wa Mji wa Mbao

Niliruka kamba ya kuzuia watazamaji kwenda kumwokoa mtu aliyekuwa akilipwa kufa. Nianze hapo hapo, maana wenzangu wa kazini wameshaisimulia hadithi hii kwenye harusi mbili na hitima moja, na kila ikisimuliwa mimi nazidi kuwa mjinga. Bora niisimulie mwenyewe kabla sijaota mkia.

Ilikuwa mwaka 2017, majira ya kuchipua, kusini ya Dallas, ndani ya mji wa kuigiza ambao Wazungu huufungua kila mwaka kwa wikiendi chache. Mji una ukuta, una minara, una malango mawili, la nje na la ndani, na bendera juu. Watu huja wamevaa kama enzi za wafalme wa Ulaya ya kale, na mchana mashujaa waliojifunga mabati hupanda farasi wakachomana mikuki. Tulikuwa wanne, wasaidizi wa wauguzi katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Irving, pamoja na mkuu wetu wa zamu. Mpanda farasi mmoja akapigwa mkuki wa kifua, akatoka kwenye tandiko, akaanguka chali, akatulia. Umati ukashangilia.

Sasa wewe fanya kazi miaka mingi na wazee, halafu uone mtu ameanguka na hakuna anayemsogelea. Miguu haikuombi ruhusa. Nilipokuja kupata fahamu nilikuwa nimepiga magoti juu ya mavi ya farasi, nimemshika shingo asiigeuze, namwuliza kama anajua leo ni siku gani. Wenzangu watatu walikuwa nyuma yangu, mmoja akitafuta mapigo ya moyo juu ya bati. Maiti ikafungua jicho moja, ikatunong'oneza kwa adabu kwamba tuondoke, bado ana onyesho la jioni.

Aliyebaki kwenye benchi ni mmoja tu. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, buibui lake limetandazwa vizuri magotini, anatutazama kama watoto waliovua viatu msikitini na kurushiana.

"Mwacheni," alisema bila kupaza sauti. "Yualipwa kuanguka. Rudini mkae."

Huyo ndiye Matroni.

Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, kila mtu alilisoma na hakuna aliyelitumia. Kwao Mombasa alikuwa amewahi kuongoza wodi, na ile hali ya kuongoza wodi hakuiacha uwanja wa ndege pamoja na mafuta ya nazi waliyomnyang'anya. Hata daktari, Mmarekani wa watu, alijifunza kumwita Matroni, akidhani ni jina la ukoo.

Mimi ni mtu wa kochi. Sisemi hivyo kwa kujivuna, ila pia sioni haya. Nilimaliza kidato cha nne Korogwe, nikaja huku kwa bahati ambayo mpaka leo sijaielewa, na tangu nifike nimeiona Marekani kupitia dirisha la gari na dirisha la sebule. Siku yangu ya mapumziko nilikuwa naipangia kazi moja tu, kulala. Kwa hiyo Matroni aliponiambia mara ya kwanza kwamba Jumamosi nitamwendesha kwenda kuutazama mji wenye ukuta, nilimweleza kwamba gari langu linatoa sauti. Akasema tutaisikiliza wote njiani.

Yeye hakuendesha gari. Alikuwa na leseni, aliipata kwa mtihani mmoja, akaiweka kabatini. Alitembea. Kutoka apatimenti yake mpaka kazini alikuwa akipita kwenye majani kando ya barabara, kwa kuwa aliyeijenga Irving hakufikiria kwamba kuna binadamu ana miguu. Kila wiki gari lilisimama, mtu akateremsha kioo akamwuliza kama ameharibikiwa. Polisi naye alisimama, zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa lile lile: hajapotea, anatembea. Kisha anamwuliza huyo polisi hali yake na ya mamake, na polisi anasimama pale na bunduki kiunoni akieleza magoti ya mamake.

Salamu ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Pale kazini alikuwa na sheria: ukiingia chumba cha mzee, unasalimu, halafu unasubiri. Usiguse mto, usifungue pazia, mpaka ujibiwe. Tulikuwa na babu mmoja ambaye hakuwa amesema neno kwa muda mrefu, na mimi siku moja nikamwambia Matroni kwamba huyu hajibu.

"Basi subiri," akasema.

"Nina vyumba vingine, Matroni."

"Na yeye ana siku nzima ya kukutazama ukimruka. Subiri."

Nikasimama pale kama mlingoti. Baada ya muda yule babu akainua kidole kimoja juu ya shuka. Matroni, aliyekuwa mlangoni, akasema haya, ameshaitikia, fanya kazi yako. Nakiri kwamba kesho yake nilisubiri hata kabla ya kuambiwa.

Na alikuwa mkali kwa watoto wa wale wazee. Alikuwa akiwapigia simu mwenyewe. Mtu yuko ofisini kwake Fort Worth, ana kikao, anapokea, anasikia sauti ya mama wa Kimombasa ikimwambia kwa Kiingereza cha darasani kwamba mamake yuko mzima leo na leo ndiyo siku ya kuja, asingoje Krismasi, Krismasi ina watu wengi na mama hatamwona. Walikuja. Wengine walikuja wamenuna, lakini walikuja.

Mtu huyo huyo, na hapa ndipo nilipokuwa nakwama kila nikimfikiria, hakuwa amekwenda kwao kwa miaka mingi kuliko alivyopenda kutaja. Makaratasi alikuwa nayo. Nauli alikuwa nayo. Likizo walimbembeleza achukue. Alikuwa na dada yake mkubwa, katika nyumba yao ya Mji wa Kale, karibu na ile ngome ya Wareno, na kila Jumapili dada alipiga simu. Nikiwa namwendesha, simu ilikuwa inawekwa sauti kubwa kwenye dashibodi, nami nikawa mgeni wa familia bila kualikwa.

Mazungumzo yalikuwa juu ya baraza. Kwa asiyewahi kuishi mji wa pwani: ni kiti cha mawe kilichojengewa ukutani mbele ya nyumba, na kila alasiri watu hukaa hapo, njia ni nyembamba, anayepita hana budi kupita magotini mwenu, na akipita anasalimu. Dada alikuwa akimpa habari za baraza yao kama mtangazaji wa mpira anayetaja kikosi. Fulani amehamishiwa kwa mwanawe Kisauni. Fulani haoni tena, haji. Fulani, mwenzenu, hatunaye, tulimzika Alhamisi. Matroni anasema innalillahi, anatazama dirishani, haiwei, ile barabara kuu, inapita.

Jumapili moja dada alisema hivi, na Matroni alisahau kwamba nami nasikia:

"Sasa nimebaki mimi na paka. Na mimi nikiondoka, utakuja kumwamkia nani hapa? Paka?"

"Mwakani, inshallah," Matroni akajibu.

"Huo mwaka wako una miezi mingapi?"

Akacheka, akakata simu, akaniambia niangalie njia. Mimi nilikuwa naangalia njia. Nami nina mama yangu Korogwe anayeniuliza vivyo hivyo na mimi namjibu vivyo hivyo, lakini hii si habari yangu.

Turudi kwenye mji. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya mimi kujiaibisha, Matroni alifika kwenye ukuta akaubisha kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayepima tikiti. Ukalia kama sanduku. "Mbao," akasema, "na plasta." Akaendelea kuingia. Sikumbuki kama niliwahi kumwona mtu akidanganywa kwa hiari kiasi kile.

Maana ndani hakuna gari. Njia ni nyembamba, zinapinda. Mafundi wamekaa milangoni mwao, huyu anasuka kamba, huyu anapiga chuma, yule anashona ngozi, na ukipita wanakuita, wanakuamkia, wanakutania uje utazame. Watu hawakujui na wanakuuliza habari zako. Mimi niliona joto, vumbi, na watu wazima wakitembea na mapaja ya bata mzinga mkononi kama marungu. Matroni alisimama katikati ya njia ile, akavuta pumzi, na uso wake ukafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kazini. Ulilegea.

Akatafuta benchi. Lilikuwepo moja la mbao kando ya lango la ndani, kila anayeingia lazima alipite. Hapo ndipo alipokaa mwaka ule na kila mwaka. Hakutazama farasi wala wacheza moto. Kwenye mikuki alikuja kwa sababu yetu, na mmeona tulivyomlipa. Alitoa kwenye kikapu chupa ya kahawa tungu, isiyotiwa sukari, yenye tangawizi, vikombe vidogo visivyo na masikio, mahamri na kashata za nazi. Kisha akaanza kungojea wapitao.

Vitu hivyo haviruhusiwi kuingizwa, na hapo ndipo alipoingia Bawabu. Bawabu alikuwa mzee wa Kitexas mwenye ndevu mpaka kifuani, anasimama langoni na shoka la bandia, kazi yake ni kuigiza mlinzi, na pia kuwa mlinzi kweli, kukagua mikoba. Alimwomba Matroni afungue chupa, akidhani ni pombe. Matroni akafungua, akammiminia, akamkabidhi. Mtu na shoka lake akaipiga funda, akakunja uso wote, akapewa kashata, uso ukakunjuka. Toka siku hiyo kikapu hakikuguswa tena.

Kuhusu mavazi, sisi wengine tulionekana washamba wa suruali za dukani. Matroni, kwa buibui lake la kila siku, ndiye aliyesifiwa. Watu walimwomba picha. Mama mmoja aliyevaa kama malkia alimwuliza amelinunua wapi, Matroni akamwambia ukweli, Mombasa. Yule mama akashukuru, akaenda kulitafuta duka hilo upande wa wauza panga. Tulimwona akirudi, bado anauliza.

Nikamwambia Matroni kwamba wanadhani yeye ni mwigizaji wa mle ndani, tena mbona yeye ambaye kazini haruhusu hata tumwambie mgonjwa kwamba sindano haiumi, leo amekaa kimya watu wanadanganyika. Akaniuliza amesema uongo gani. Amekaa. Ameamkiwa. Ameitikia.

Mwaka wa pili ndipo alipokutana na mfalme. Mji ule una mfalme wake, mzee mnene mwenye sauti ya muadhini, na kila alasiri hupita na msafara wake, ngoma mbele, mabibi nyuma. Wote njiani huinuka wakainama. Matroni hakuinuka. Mfalme akasimama mbele ya benchi, akangoja kuinamiwa. Matroni naye akangoja. Ngoma zikanyamaza. Mimi nikamvuta pindo la buibui, nikamsihi ainuke kidogo tu, ni mchezo.

"Mimi nimekaa, yeye yuapita," akaniambia. "Anayepita ndiye aamkiaye. Ufalme ni wake, adabu ni ya sote."

Sijui mfalme alielewa nini, Kiswahili hakijui, lakini baada ya kimya kile alivua taji, akalishika kifuani, akamtakia siku njema. Matroni akaitikia kwa furaha, kana kwamba hapakuwa na ugomvi wowote, akajisogeza kumpisha nafasi. Mfalme akaketi. Akanywa kahawa, akakunja uso, akapewa kashata. Msafara mzima ulisimama juani ukimngojea amalize kutafuna. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe moja kwa moja, akatoa salamu akiwa bado mbali, na akauliza kama kashata zipo.

Houston nako kuna mji wao wa namna hiyo, wa majira ya vuli, mkubwa zaidi. Binti mmoja aliyewahi kufunzwa kazi na Matroni anakaa Sugar Land, akatualika, akatupeleka. Matroni alitembea kutoka mwisho mpaka mwisho, akajaribu benchi hili na lile, watu wakapita kwa maelfu, hakuna hata mmoja aliyemjua. Kabla ya adhuhuri akasema miguu inamuuma. Miguu ile iliyokuwa ikiizunguka Irving kwa dhiki na raha. Nikamrudisha Dallas, saa nyingi za haiwei, hakulalamika mguu hata mara moja.

Nilimwuliza mwaka 2019, tukiwa tumekaa pale langoni. Nilimwuliza kwa utani, maana mambo ya maana mimi siwezi kuyauliza kwa uso mkavu. Nikasema: Matroni, nauli ya kuja kwenye ukuta wa mbao kila mwaka, pamoja na mateso ya mimi kuamka Jumamosi, si bora uende kwenye ule wa mawe, wa kwenu Mombasa? Nikadhani atanitukana. Alikuwa anafuta kikombe kwa ncha ya mtandio.

"Hapa kila mwaka nawakuta wote," akasema. "Bawabu yupo. Msuka kamba yupo. Huyo mnene na taji lake yupo. Kule kila simu ikilia kuna mmoja hayupo." Akakitazama kikombe kama kimebaki doa. "Maadamu sijaenda, kwangu mimi wote wangali pale wamekaa. Nikienda nitawakuta hawapo kwa macho yangu."

Nikala kashata.

Mwaka 2020 mji haukufunguliwa. Nadhani hamna haja niwasimulie mwaka ule. Nyumba yetu ya wazee ilifungiwa wageni, na Matroni, aliyekuwa akiwaita watoto waje, sasa alikuwa akiwasimamisha nje ya madirisha, anamshikia mama simu sikioni, anamwonyesha mwanawe kwenye kioo. Tulipoteza wazee. Yule babu wa kidole alikuwa mmoja wao. Matroni alikuwa akiingia kwenye chumba kilichokwisha kutandikwa upya, kitupu, anasalimu, anangoja kidogo, ndipo anazima taa.

Mwezi wa tano aliniambia Jumamosi tunakwenda. Nikamkumbusha kwamba pamefungwa. Akasema anajua kusoma.

Tulikwenda kila mmoja na barakoa yake, yeye kiti cha nyuma, madirisha wazi, kikapu miguuni. Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umeota majani. Lango la nje lilifungwa mnyororo, na kwa sababu hatukuwa na pa kuingia tulizunguka na ua wa waya, na kwa mara ya kwanza tukauona mji ule kwa nyuma. Maboriti yameegemezwa, misumari, karatasi za plastiki, ngazi iliyosahauliwa. Nilimwangalia Matroni nione kama ameumia. Hakujali. Mbao alizijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anatafuta mtu.

Akatokea. Bawabu, ndevu zile zile, amevaa kofia ya mpira wa besiboli na suruali ya jinzi, mkononi ana bakuli la chakula cha paka. Anaishi mle ndani kwenye trela, tulikuwa hatujui, ni mlinzi hata pasipokuwa na wa kumlinda. Alitutazama kwa mbali, akaweka bakuli chini, akavua kofia. Akatoa ile salamu aliyokuwa akiwapa wote langoni, neno kwa neno, kwa ile sauti ya kuigiza. Matroni akaitikia. Kisha yule mzee akasema kwa sauti yake ya kawaida, nyembamba kuliko nilivyotarajia, kwamba amefurahi mno kumwona mtu.

Matroni akapanga vikombe juu ya boneti ya gari, akamimina. Kimoja changu, kimoja cha Bawabu tulichompitishia juu ya waya. Akamimina cha tatu, akaweka kashata pembeni yake, akauliza mfalme hajambo?

Bawabu alikuwa ameshafikisha kikombe mdomoni. Akakishusha. Akasema mfalme alifariki mwezi wa nne, hospitali, kwa maradhi haya haya. Alikuwa fundi wa bomba, akasema, kwa kazi yake ya siku zote. Hawakuruhusiwa kumzika kwa wingi. Alikuwa akiuliza mpaka siku za mwisho kama mwaka huu yule bibi wa kahawa atakuja.

Matroni alisema innalillahi. Akakitazama kile kikombe cha tatu. Halafu akafanya kitu ambacho kwa mtu wa Mombasa ni karibu na dhambi: akairudisha kahawa kwenye chupa, taratibu, bila kumwaga tone, akakaza kizibo.

Njiani nilijaribu maneno mawili matatu ya kipuuzi, nikayaacha. Tulipokaribia Irving, ndipo aliponiambia, au alijiambia mwenyewe, kwamba hata huku wameanza kukosekana. Kisha akapiga simu, ijapokuwa haikuwa Jumapili. Dada akapokea kwa hofu, akidhani kuna msiba.

"Usiondoke hapo barazani," Matroni akamwambia. "Wanisikia? Usiende Kisauni, usiende popote. Naja."

"Mwakani?"

"Ndege zikiruka."

Ndege zilikawia. Miezi ile nilikuwa naomba dua kwa ajili ya bibi ambaye sijamwona, asipate hata mafua, na kila Jumapili nilitega sikio nisikie kikohozi. Matroni aliacha kazi kwa barua fupi, akagawa sufuria zake, na akaifundisha zamu mpya namna ya kusubiri mlangoni. Kilichokuwa kinamtisha hakikuwa tena kuwakuta hawapo. Kilikuwa kumchelewea aliyebaki.

Nilimpeleka uwanja wa ndege majira ya vuli. Ukumbi ulikuwa mtupu, sauti za magurudumu ya mizigo yake zilikuwa zinajibiwa na kuta. Alivaa buibui lile lile na hakuna aliyemwuliza amelinunua wapi. Nilitegemea, nisiwafiche, kwamba atanipa ile chupa ya kahawa iwe kumbukumbu, nikawa nimeshaiandalia mahali kabatini. Nikaidokeza.

"Yangu hii," akasema. "Nunua yako."

Kisha akanitazama, macho tu juu ya barakoa, kwa ule utazamaji wa kupima homa bila kipimajoto.

"Na wewe lini, mwanangu?"

"Mwakani, Matroni," nikasema. "Inshallah."

Neno lilitoka lenyewe, limelainika kwa kutumiwa. Hakucheka. Aliendelea kunitazama mpaka nikaanza kuangalia viatu vyangu. Alinisubiri kama tulivyokuwa tunamsubiri yule babu, na mimi sikuinua hata kidole. Mwishowe akaniaga, akageuka, akaenda kwa miguu yake, kigari cha bure cha kubebea wazee alikipita. Mlinzi pale mbele ndiye aliyetangulia kumwamkia.

Alifika. Alimkuta dada. Wiki ile ile aliniletea ujumbe wa sauti kwenye simu, hakusema neno ndani yake, alikuwa ameiweka simu barazani tu na kuiacha. Inasikika njia. Kuna pikipiki, kuna mtoto analia kwa mbali, kuna kijiko ndani ya kikombe. Halafu nyayo zinakaribia, mwanamume anasema masalkheri, na sauti mbili za wanawake wazee zinaitikia kwa pamoja, moja ninayoijua na moja ninayoijua kwa simu, na nyayo zinapita.

Sasa nina tabia mpya, mimi mtu wa kochi. Jioni natoka nakaa kwenye ngazi za apatimenti yetu na kahawa ya kikombe kikubwa, nausikiliza ujumbe ule. Watu wanapita na mifuko ya sokoni, nawaamkia, mmoja mmoja anaitikia. Juzi nilikuwa nimeurudia mara kadhaa, na jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Bukavu asiyepoteza maneno, ambaye 'ndiye' kwake ni 'njo', akapanda ngazi na gunia la mchele kichwani. Akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza hapana, ni Matroni, amerudi kwao, nimemkosa sana, nikamsikilizisha. Alisikiliza mpaka mwisho, gunia kichwani, hata hakulitua. Nikangoja anipe pole.

"Ule mama ashafika kwabo," akasema, "anakunywa kahawa yake na dada yake. Weye njo unakosekana kwenu."